Logroño, mji unaoliwa umesimama

Kosa la kwanza la mgeni anayefika Logroño ni kutafuta kiti. Anaingia mtaa wa Laurel saa moja jioni, anaona meza ya nje ina nafasi, anakaa, anaomba menyu na kuagiza vitu vinne kwa mpigo. Saa mbili na nusu, mtaa ndio kwanza unachangamka, yeye kashashiba. Na katika vile vinne alivyokula, kimoja tu ndicho baa ile inajua kukipika hasa. Vitatu vilivyobaki vina wenyewe, mlango wa pili na wa tatu.

Logroño ni makao makuu ya jimbo la La Rioja, kaskazini mwa Hispania, kando ya mto Ebro. Una watu wapatao 150,000, na sehemu yake ya kale unaivuka kwa miguu ndani ya robo saa. Mtaa wenyewe wa Calle del Laurel ni mfupi na mwembamba, lakini ukiunganisha na vichochoro vyake, Travesía del Laurel, Albornoz na San Agustín, unapata baa nyingi zilizobanana kama maduka ya Kariakoo. Wenyeji wanauita pia Njia ya Tembo. Kiini cha utani huo ni neno “trompa”, ambalo kwa Kihispania ni mkonga wa tembo na kwa lugha ya mtaani ni ulevi: mtu huingia kwa miguu miwili, akatoka na mkonga, tena kwa miguu minne.

Kanuni ya mtaa ni rahisi. Kila baa ina kitu chake kimoja, wakati mwingine viwili, inachokirudia mamia ya mara kila usiku. Unaingia, unaagiza hicho pamoja na glasi moja, unakula umesimama kwenye kaunta au nje mlangoni, unalipa, unahama. Dakika 15 hadi 20 kila baa. Kitafunio hicho hapa huitwa pincho, kwa sababu ya kijiti kinachokichoma katikati. Ukisema tapa utaeleweka, ila Logroño pincho ndilo neno. Jioni ya kawaida ni baa nne au tano. Baa nane ni mashindano.

Pa kuanzia ni uyoga, maana ndio alama ya mji. Bar Soriano, pale Travesía del Laurel, inapika champi na ndiyo kazi yake. Vichwa vitatu vya uyoga mweupe vinakaangwa kwenye bamba la chuma lenye moto mkali, shimo likiwa juu ili maji ya uyoga yasimwagike, kisha vinapangwa kimoja juu ya kingine juu ya kipande cha mkate, kamba mdogo anakaa kileleni, kijiti kinashuka katikati, na mchuzi wa mafuta na kitunguu saumu unamiminwa juu. Mkate haupo kwa ajili ya kushibisha. Upo chini kunywa mchuzi. Ndiyo maana ukiuacha pembeni umeacha nusu ya utamu.

Namna ya kumla champi nayo ni somo. Ndani ya kila kichwa kuna maji ya moto yaliyochanganyika na mafuta. Anayetia mnara mzima mdomoni huunguza ufizi, na anayeung'ata akiwa amesimama wima hupaka shati doa la mafuta lisilotoka kwa sabuni ya hotelini. Subiri dakika moja. Inama mbele kidogo, miguu imeachana, karatasi ya kufutia chini ya kidevu, kula kamba na kichwa cha juu kwanza, teremka, malizia na mkate uliolowa. Tazama wenyeji walivyosimama mlangoni wakiwa wameinama hivyo hivyo, utaelewa si adabu ya bure.

Baada ya hapo mpangilio ni wako, ila kuna vitu ambavyo kuvikosa ni hasara. Blanco y Negro wana “matrimonio”, yaani ndoa: anchoa aliyehifadhiwa kwa chumvi, wa rangi ya kahawia, na boquerón aliyelowekwa kwenye siki, mweupe, wawili hao ndani ya mkate mdogo pamoja na pilipili ndefu ya kijani isiyowasha. Wote wawili ni samaki mmoja, tofauti ni chumvi na siki tu, na ni ndugu wa karibu wa dagaa mchele wa Unguja. Jubera wanajulikana kwa viazi vya bravas, vya kukaanga vyenye mchuzi mwekundu wa kuwasha na mwingine mweupe juu. Sebas ni mahali pa tortilla, chapati nene ya mayai na viazi. Ukiulizwa kama unataka mchuzi wa pilipili juu, kubali. Kuna baa za masikio ya nguruwe, za utumbo wa mwanakondoo uliosokotwa na kukaangwa hadi ukakauka (embuchado), na za “cojonudo”, kipande cha mkate chenye soseji ya chorizo na yai la kware lililokaangwa. Dada yake, “cojonuda”, hubadilisha chorizo kwa morcilla, soseji ya damu. Aliyezoea mutura ya Nairobi hatashangaa sana, ila hii ni damu ya nguruwe, na ya La Rioja mara nyingi ina wali ndani na utamu kwa mbali.

Na hapo kwenye nguruwe panahitaji maneno zaidi, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili hawamli. Kitimoto Hispania hajifichi tu kwenye nyama inayoonekana. Vipande vidogo vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, hutiwa kwenye mboga, kwenye maharage, kwenye supu, juu ya artichoki, na mhudumu hatavitaja kwa kuwa kwake hivyo ni kama chumvi. Usiulize kama chakula “kina nyama”, maana kwa wengi jamón haihesabiki kuwa nyama. Uliza moja kwa moja: “¿Lleva cerdo o jamón?”, yaani kina nguruwe au jamón? Mtego mkubwa kuliko yote ni pincho moruno. Jina lake maana yake ni mishkaki ya Wamoro, Waislamu wa Afrika Kaskazini, na viungo vyake, bizari ya pilau na paprika, vitakukumbusha Forodhani. Nyama yenyewe siku hizi kwa kawaida ni nguruwe. Hata Tío Agus, mishkaki maarufu ndani ya mkate ya Bar Lorenzo, ni ya nguruwe. Mwanakondoo na kuku wapo, ila usitegemee kuwa wamechinjwa kihalali. Kinachobaki ni kingi hata hivyo: samaki wa aina zote, kamba, uyoga, tortilla, bravas, pilipili nyekundu za kuchoma, asparaga nyeupe. Anayejali sana aulize pia kama bamba la chuma linatumika kwa kila kitu. Kwenye baa ya kitu kimoja jibu ni jepesi. Kwenye baa ya vitu kumi bamba ni moja.

Asiyekunywa pombe hana haja ya kushika chupa ya soda usiku kucha. Agiza “mosto”. Ni maji ya zabibu yaliyokamuliwa bila kuachwa yachachuke, meupe au mekundu, na mara nyingi huja na zeituni moja na kipande cha chungwa. Kila baa inayo, hakuna atakayekugeukia, na watoto wanakunywa hicho hicho. Watoto, ndiyo: saa nne za usiku utawakuta wanakimbizana katikati ya miguu ya wazazi.

Kuagiza kunahitaji sauti kuliko sarufi. Foleni hakuna. Unajisogeza mpaka kiwiko kiguse kaunta, unamtazama mhudumu machoni, unasema kwa ufupi: “¿Me pones un champi y un crianza?”, yaani nipe champi moja na glasi ya crianza, mvinyo uliokaa pipani. Hakuna haja ya maneno ya adabu matano mfululizo; tabasamu na “por favor” moja vinatosha. Usipige makofi wala miluzi. Ukiwa kundi, anayeagiza awe mmoja, na awe ameshakusanya idadi kabla ya kufika kaunta, kwani mhudumu mwenye sahani sita mkononi hatasubiri mjadala wenu. Kulipa: “¿Me cobras?” Baa nyingine hupokea pesa hapo hapo, nyingine hukumbuka ulichokula na kukuhesabia mwishoni, na uaminifu huo unalindwa na kila mtu. Kwa kawaida pincho na glasi ya crianza vitakutoka euro 4 hadi 6 kwa pamoja, kwa hiyo baa tano ni kama euro 20 hadi 30 kwa mtu. Kadi zinapokelewa karibu kila mahali, lakini noti ndogo huharakisha mambo. Bakshishi si lazima; sarafu za chenji zinatosha.

Wenyeji hawagawani bili kwenye kila kaunta. Wanaweka “bote”: mwanzo wa jioni kila mmoja anatoa, tuseme, euro 20, pesa zote zinashikwa na mtu mmoja, naye ndiye analipa kila mahali mpaka mfuko ukauke, kisha inachangwa tena au watu wanakwenda kulala. Ni mchango wa kawaida kabisa kwetu, na unaondoa ugomvi wa nani alikunywa nini. Mshika mfuko awe yule anayekunywa mosto.

Kuhusu muda. Mchana mtaa huwaka kuanzia kama saa saba hadi saa tisa na nusu. Kisha jiko linafungwa, maduka yanafungwa, na mpaka saa mbili usiku mgeni mwenye njaa ataishia kwenye mikahawa ya watalii. Usiku uhai unaanza saa mbili na nusu. Jumamosi usiku huwa na vikundi vya vijana wanaosherehekea kuaga ukapera, wamevaa mavazi ya vichekesho, na msongamano wa kumwagiana vinywaji. Wengi wanaupenda, mimi naona ndio usiku mbaya kuliko yote kwa mtu aliyekuja kula. Alhamisi usiku ni bora, na Jumapili mchana ni bora zaidi, wakati familia nzima, bibi mpaka mjukuu, zinatoka kanisani na kupita kaunta mbili tatu. Jumapili usiku na mwanzoni mwa wiki baa nyingi hupumzika, kila moja kwa siku yake. Ukiona Laurel pamejaa kupita kiasi, tembea dakika tano hadi Calle San Juan. Hapo ndipo wenyeji wengi wanakwenda, na bei ni nafuu kidogo.

Sasa mvinyo, ambao watu huuogopa bila sababu. Kwenye kaunta za Logroño maneno mawili yanatosha. “Cosechero” au “joven” ni mvinyo wa mavuno ya karibuni, wenye ladha ya tunda bichi, wa bei ndogo, unaotolewa ukiwa na ubaridi kidogo. “Crianza” ni ule uliokaa. Sheria za Rioja zinasema crianza nyekundu iwe na angalau miaka 2 tangu mavuno, na mwaka 1 kati ya hiyo ndani ya pipa la mwaloni. Reserva ni miaka 3, mwaka 1 pipani na angalau miezi 6 kwenye chupa. Gran reserva ni miaka 5, na miaka 2 ya hiyo ni ya pipa. Pipa ni la lita 225, kipimo kilicholetwa kutoka Bordeaux. Huna haja ya kukariri: geuza chupa, nyuma kuna stempu ya baraza linalosimamia mvinyo wa Rioja. Ya kijani ni ya jumla isiyo na masharti ya pipa, nyekundu ni crianza, ya rangi ya damu ya mzee ni reserva, ya buluu ni gran reserva.

Gran reserva si lazima ikufae kuliko crianza. Kwa uyoga wenye kitunguu saumu, crianza changamfu inafaa zaidi kuliko mzee aliyenyamaza miaka kumi. Na ukihisi harufu ya vanila na nazi kwenye glasi, pua yako haikudanganyi: mapipa ya jadi ya Rioja ni ya mwaloni wa Marekani, na mti huo ndio unaotoa harufu ya nazi. Mwaloni wa Ufaransa hauna nazi hiyo kwa wingi. Zabibu kuu ni Tempranillo, husaidiwa na Garnacha, Graciano na Mazuelo. Nyeupe ni Viura zaidi. Akitaka chupa ya kukumbuka, mtu atafute mwaka 2001, 2004, 2010 au 2019, ambayo baraza liliipa daraja la juu kabisa.

Hesabu moja ya kuiweka mfukoni: glasi ya baa ni kama mililita 100. Baa tano ni nusu lita, theluthi mbili za chupa, ya mvinyo wenye kileo cha asilimia 13 hadi 14. Ukila kila mahali na kunywa maji katikati, unarudi hotelini ukijijua. Maji ya bomba ni salama. Sema “un vaso de agua”. Wanaoanguka ni wale walioruka pincho kwenye baa ya pili na ya tatu kwa kuogopa kushiba.

Kuona mvinyo unakotengenezwa kunahitaji siku nyingine, na mipango. Ndani ya mji, vuka daraja la chuma la 1882 utakuta kiwanda cha mvinyo cha Bodegas Franco-Españolas, kilichoanzishwa 1890, unafika kwa miguu. Jina lake linaeleza historia: ugonjwa wa kidudu cha filoksera ulipoteketeza mizabibu ya Ufaransa katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Bordeaux walishuka Rioja kutafuta mvinyo, wakaleta mapipa na ujuzi. Reli nayo ilifanya mji wa Haro, kilomita 40 na ushei magharibi, uwe mahali pa kupakia. Mpaka leo mtaa wa Barrio de la Estación pale Haro una viwanda vikongwe vilivyojipanga kuzunguka stesheni: López de Heredia wa 1877, CVNE wa 1879, La Rioja Alta wa 1890, Muga wa 1932. Unatembelea vitatu bila kuhitaji gari.

Yanayoharibika huko ni yale yale kila mara. Watu wanafika bila kuweka nafasi, na ziara ya Kiingereza iliyobaki ni ya kesho. Wanapanga ziara tatu kwa siku. Kila moja ni saa moja na nusu pamoja na kuonja, na ya tatu haikumbukwi na mtu. Wanachagua Jumapili alasiri, ambapo milango imefungwa. Au wanakodi gari na kugundua kwamba kati yao hakuna aliyejitolea kutokunywa. Treni na mabasi ya Haro yapo lakini ni machache, basi angalia saa ya kurudi kabla ya kuweka nafasi ya ziara, si baada. Kwenye meza ya kuonjea kuna chombo cha kutemea. Kutema si utovu wa adabu, ni kazi. Na chukua koti hata Agosti, kwani chini ya ardhi kwenye mapipa kuna baridi ya jokofu.

Kufika. Tanzania, Kenya na nchi jirani zinahitaji viza ya Schengen: bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, ada ya euro 90 kwa mtu mzima, maombi yasipelekwe mapema zaidi ya miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Siku 15 ni za kwenye karatasi; jipe miezi miwili. Uwanja mkubwa ulio karibu ni Bilbao, na basi kutoka mjini Bilbao huchukua kama saa mbili. Kutoka Madrid kuna treni za moja kwa moja, chache kwa siku, kama saa tatu na nusu. Zikijaa, panda treni ya kasi hadi Zaragoza kisha ubadilishe. Soma tiketi yako inataja stesheni gani ya Madrid, Atocha au Chamartín, kwani ziko mbali na kuchanganya mbili hizo ndiko kunakowaachisha watu treni.

Malazi chukua ndani ya mji wa kale, lakini si dirisha linalotazama Laurel kama unapenda usingizi. Mahujaji Wakristo wanaotembea Njia ya Santiago, kuelekea Santiago de Compostela, hupita hapa kupitia daraja la mawe na mtaa wa Ruavieja, na hosteli zao kwa kawaida hufunga mlango saa nne usiku. Wao wale pincho mchana. Asubuhi ya mji ni ya kanisa la La Redonda lenye minara miwili, kivuli cha nguzo za mtaa wa Portales, na soko la San Blas, ambapo kuanzia mwisho wa kiangazi utaona pochas, maharage meupe yanayopikwa yakiwa mabichi bila kukaushwa. Yaagize mchana kwenye mgahawa wa kawaida, lakini uliza kuhusu chorizo.

Mwezi wa Septemba, wiki yenye tarehe 21, kuna sikukuu ya San Mateo na mavuno: zabibu hukanyagwa hadharani kwenye bustani ya Espolón, na vyumba hujazwa miezi kabla. Tarehe 11 Juni ni San Bernabé, kumbukumbu ya mji kuzingirwa na Wafaransa mwaka 1521. Watu hupanga mstari kwenye lango la Revellín kupewa samaki, mkate na mvinyo bure. Nje ya sikukuu, Oktoba ndio mwezi mtulivu na mzuri zaidi, majani ya mizabibu yakiwa mekundu na mji umerudi kwa wenyewe.

Chupa za kurudi nazo ziende kwenye begi la chini ya ndege, kila moja ndani ya soksi nene kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya nguo, shingo mbali na kingo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru. Chupa mbili ni lita moja na nusu. Ya tatu inakupeleka lita mbili na robo, na hapo andaa risiti.